Tapi Kavu

Bonaventure mwenyewe ndiye aliyeibandika ile tapi, zulia la sakafuni, mwaka wa 1987, na aliibandika vizuri kupita kiasi. Muzungu mmoja wa barabara, aliyeitwa Henri, alikuwa akisimamia matengenezo ya madaraja kati ya Baraka na Fizi. Alikuwa na karavani ndogo nyeupe ya kuvutwa na gari, ambayo ndani yake alilala na kupikia. Haikuwa ya bati wala ya mbao. Ilikuwa ya fibre, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi hadi zikawa ngumu kama ganda, na kwa kuwa ilikuwa ya mviringo kila upande, watu wa Baraka waliiita Yai.

Henri alilalamika kwamba asubuhi sakafu ilimtia baridi ya miguu. Bonaventure alikuwa seremala, na pia alivisha viti vya sebuleni kitambaa na sponji. Akamtafutia tapi ya rangi ya kahawa, nzito, yenye sponji upande wa chini, akaipaka kole, ile gundi ya washona viatu, makopo manne mahali ambapo mawili yangetosha. Alimwambia Henri kwamba hiyo haitatoka, na alilisema hilo kama mtu anayejivunia kazi yake.

Kazi za barabara ziliposimama mwaka wa 1991, Henri aliondoka na gari peke yake. Yai aliliacha ndani ya lupango ya Bonaventure, yaani uwanja wa nyumba yake, nyuma ya karakana, juu ya matofali, pamoja na ufunguo. Hakurudi. Magurudumu yakageuka ndara za watu, na ndani Bonaventure akaweka mbao zake nzuri zisinyeshewe. Dari halikuwahi kuvuja.

Jirani yake wa upande wa ziwa alikuwa mkunga, Kulthumu. Yeye ndiye aliyewapokea mikononi watoto wote wawili wa Bonaventure: Élie, na baadaye Rosette, ambaye alikuja miguu mbele na ambaye bila Kulthumu asingekuja kabisa. Mume wa Kulthumu alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Kigoma, hivyo siku nyingi mkunga alibaki nyumbani na mama yake mzazi, Mama Bushira, mwanamke mnene aliyevimba miguu na kupenda maongezi. Kati ya nyumba hizo mbili hakukuwa na ugo. Florentine, mke wa Bonaventure, alipopika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, sahani moja ilivuka. Kulthumu alipopata samaki wazuri, nusu ilivuka kuja huku. Ijumaa na Jumapili hazikuwahi kugombana.

Vita vilifika mwishoni mwa Oktoba 1996. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kutoka upande wa Lweba milio ya silaha kubwa ilisikika katikati ya ngurumo hata mtu akashindwa kutofautisha. Barabarani watu walikuwa wakienda kusini na magodoro kichwani. Bonaventure na Florentine walikuwa wamefunga mizigo, lakini Rosette, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa na malaria na mwili wake uliwaka. Bonaventure akasema wasimtoe mtoto kwenye mvua ile. Waingie ndani ya Yai, wajifungie, wangoje. Nyumba ndiyo itakayovunjwa, alisema, nani atajali kitu kilichosahauliwa nyuma ya karakana?

Wakaingia wanne, wakalala chini kwenye tapi, mapazia yamevutwa, mlango umefungwa kwa ufunguo. Tapi ilikuwa kavu. Hilo Bonaventure alilikumbuka baadaye kuliko vitu vyote: nje dunia nzima ilikuwa maji, na chini ya shavu lake palikuwa na manyoya makavu yenye harufu ya mbao.

Kama saa tisa ya mchana mtu alibisha mlango.

"Baba Élie. Baba Élie, uko ndani? Ni mi, Kulthumu."

Florentine aliinua kichwa.

"Mama hawezi tena kutembea," ile sauti ikaendelea, karibu kabisa na ukuta. "Nimuache kwako kidogo tu. Mi nakwenda kutafuta mutumbwi, nitarudia kumuchukua."

Florentine alianza kuinuka. Bonaventure akamshika bega, akamkandamiza chini. Mkono wake wa pili aliuweka juu ya mdomo wa Rosette, na pumzi ya homa ikamchoma kiganja. Élie alimtazama baba yake. Sauti ikaita tena. Kisha akasikika Mama Bushira, kwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye hataki kusumbua: "Hamuna watu humo, mwanangu. Twende."

Nyayo zikaenda kwenye matope, na mvua ikazifunika.

Miaka iliyofuata alijitafutia sababu. Sauti ya Kulthumu ingewaleta askari. Mbao zilikuwa zimejaza nusu ya nafasi. Mama Bushira angekohoa. Kila sababu aliigeuza huku na huku na hakuna iliyosimama. Ukweli ulikuwa mfupi: aliogopa. Na lililokuwa baya zaidi ni kwamba siku ile hakuna askari hata mmoja aliyeingia katika lupango yake. Walipita barabarani, wakaenda zao. Kesho yake asubuhi Bonaventure alifungua mlango, akawapeleka watu wake milimani upande wa Fizi, kwa wakwe zake, na huko walikaa wakilima, wakihama kila vita vilipowahamisha, hadi mwaka wa 2001. Waliporudi Baraka, nyumba ilikuwa kuta tu. Yai lilikuwa palepale. Mbao zilikuwa zimeibwa, dirisha moja limevunjwa, panya wamezaa ndani. Polepole wakajenga upya nyumba ndogo na karakana.

Kulthumu alirudi mwaka wa 2003, katikati ya mwaka, kwa boti la kutoka Kigoma. Mumewe alibaki kwanza ng'ambo na biashara zake. Alikuja peke yake na gunia na sanduku la vifaa, akakaa kwa binamu yake kwa kuwa nyumba yake nayo ilikuwa imebomoka, na siku ya pili alikuwa kwenye lupango ya Bonaventure. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zilizotokeza chini ya mtandio zilikuwa nyeupe. Florentine alilia alipomwona. Bonaventure alimpa mkono, akashindwa kujua mkono wake wa pili auweke wapi.

"Baba Élie," Kulthumu alisema walipokwisha kukaa, "ile Yai yako, dari yake iko muzima?"

"Iko muzima."

"Unipatie. Nyumba ya kuzalishia haiko tena, ilibaki kuta. Bamama banazalia mu mashamba, banazalia njiani. Mi nahitaji chumba kimoja kisichovuja, basi. Lakini ile tapi itoke. Damu ikiingia mu tapi ni magonjwa. Nataka sakafu ya kupangusa."

"Nitaitoa," alisema Bonaventure.

"Na pole na kupoteza nyumba. Siku ile ya vita nilipitia hapa na mama, nilipiga hodi. Mulikuwa mumeisha kukimbia. Nilifurahi, nikasema angalau jirani zangu bamewahi."

Bonaventure alitazama magoti yake. "Ndiyo," alisema. "Tulikimbia mapema."

Florentine alisimama, akaingia jikoni ambako hakuwa na kazi yoyote. Kulthumu alipoondoka, alitoka akasimama mbele ya mumewe.

"Umemudanganya."

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Mi sijui. Ni we uliyenikamata bega, haikuwa mi."

Kwa siku chache Bonaventure aliupima uongo huo pembeni mwa lile kosa la kwanza, akaona huu ni mzito zaidi. La kwanza lilikuwa la hofu, na hofu humjia mtu bila kubisha. Hili la pili alilifanya ameketi kwenye kiti, hakuna bunduki, hakuna mvua, amekwisha kula.

Alianza kazi Jumatatu. Sehemu ya juu ya tapi ilitoka kirahisi kwa sababu ilikuwa imeoza. Aliikata vipande kwa kisu cha kukatia ngozi, akaivuta, akaitupa nje na viota vya panya ndani yake. Chini ndiko kulikokuwa na kazi. Sponji ilikuwa imegeuka ukoko mweusi, kama bugali iliyoungua chini ya chungu, na chini ya ukoko kulikuwa na kole yake mwenyewe ya makopo manne, ya rangi ya asali, ngumu, imeng'ang'ania fibre kwa namna ambayo zamani angeisifu.

Alichukua patasi na nyundo. Ukoko uliruka, lakini patasi iliingia pia kwenye sakafu, ikaichimba mistari myeupe, na ndani ya mistari zikatokeza nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele. Jioni mikono yake ilikuwa inawasha hadi viwikoni. Kesho yake alileta esanse, ile ya kutia kwenye pikipiki, akaimwaga kwenye ukoko na kuanza kufikicha kwa kitambaa. Kole ililainika, lakini uso wa sakafu nao ukaanza kunata. Madirisha ya Yai ni madogo, na Bonaventure aliendelea kufikicha amepiga magoti, kichwa kinamzunguka. Kitu fulani ndani yake hakikutaka kutoka nje kupumua. Baadaye alikiri kwa Florentine kwamba alikuwa ameona ni haki kabisa kuumwa mle ndani.

Kulthumu ndiye aliyemkuta, nusu yake nje ya mlango, anatapika. Alimvuta kwapani hadi chini ya ukingo wa paa la karakana, akamwosha uso, akamnywesha maji kidogo kidogo. Alipoona mikono yake ilivyovimba vipele vyekundu, alifungua sanduku lake, akatoa sparadra, ile plasta ya kubandika vidonda, akakata kipande, akakibandika kwenye ngozi na kukivuta. Nyuzi za kioo zilitoka zimeng'ang'ania sparadra, ziking'aa.

"Unataka kujiua sababu ya tapi?" alisema. "Kazi hii haina haraka. Leta ule mukono mwingine."

Alikata kipande kingine, akabandika, akavuta. Ilichukua karibu saa nzima. Alikuwa mpole kama alivyokuwa akiwaosha Élie na Rosette siku walipozaliwa, na Bonaventure alitamani sana kuuondoa mkono wake katika mikono ile.

Ni Kulthumu pia aliyepata dawa. Sparadra ikiacha gundi kwenye ngozi ya mgonjwa, alisema, yeye huitoa kwa mawese, haichubui mtu. Labda na sakafu haitachubuka. Basi wakapasha moto mafuta ya mawese, wakayapaka kwenye kipande cha sakafu upana wa mkeka, wakafunika kwa majani ya migomba na kuyaacha hadi kesho yake. Bonaventure alichonga vikwaruzio viwili vya mti mgumu, vyenye ncha bapa kama mwiko, kwa sababu chuma hakikufaa. Asubuhi kole ilikuwa imekuwa laini. Ilijikunja mbele ya ubao, nyeusi na nyekundu, ikatoka kwa misokoto. Kisha maji moto na sabuni, mara tatu, na pakatokea fibre yenyewe, ya manjano hafifu kama jino la mtu mzima.

Siku ya kwanza ya mawese walisafisha mkeka mmoja, ya pili mwingine. Kulthumu alikuja kila siku baada ya sala ya adhuhuri, akakunja nguo na kuchuchumaa upande wa mlango, Bonaventure upande wa ndani. Hakuombwa. Alisema chumba ni chake, basi na uchafu ni wake.

Siku ya tano ya kazi alisimulia habari za mama yake. Alisimulia akiwa anakwaruza, bila kuinua macho.

"Tulitembea mpaka Kazimia. Mi nilimubeba, kisha nilimushusha, kisha nilimubeba. Mvua haikuacha. Unajua mama alikuwa mutu wa kusema sana. Njiani alinyamaza. Kitu kimoja tu aliomba. Alisema, Kulthumu, nitafutie pakavu, nilale kidogo. Kila nyumba ilijaa watu, chini ya kila dari watu bamesimama sababu hakuna pa kukaa. Kazimia, siku ya tatu, kifua kilimujaa. Alikufa mbele ya saa sita. Boti lilikuwa linaondoka, tulimuzika mu shamba la muhogo la mutu. Mi sikusikia hata jina la mwenye shamba."

Akafuta ubao wake kwenye jani. "Kama angelala pakavu siku moja, labda. Lakini labda haikuwa ya Mungu."

Bonaventure aliendelea kukwaruza mahali ambapo palikuwa pamekwisha safika.

Jumamosi alikwenda kuungama kwa padre. Alifikiri hilo lingetosha. Padre alimsikiliza, akamwondolea dhambi, na kisha akamuuliza kama yule mwanamke bado anaishi. Bonaventure akasema yuko, tena anafanya naye kazi kila siku. Padre akasema basi njia unaijua. Alitoka kanisani amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kijinga, kwa sababu alikuwa amemchagua padre kwa kuwa ni rahisi: padre hana mama aliyezikwa Kazimia.

Nyumbani Florentine alimwekea chakula, akamtazama akikichezea.

"Sakafu itaisha," alisema. "Atakupa asante mbele ya watu. Utapokea?"

Jumatatu ya wiki iliyofuata kilibaki kipande kimoja tu, chini ya dirisha la kushoto. Ndipo yeye na watu wake walipolala siku ile ya vita, na Bonaventure alikuwa amekiacha cha mwisho bila kujiambia kwa nini. Kulthumu alikuja, akaondoa majani ya migomba, akaanza yeye. Bonaventure alibaki amesimama kwa kuinama, kwa maana mle ndani mtu mrefu hasimami sawa.

"Dada Kulthumu," alisema. "Siku ile hatukukimbia."

"Siku gani?"

"Ulipopiga hodi. Tulikuwa humu. Mi, Florentine na batoto. Mulango niliufunga na ufunguo."

Kikwaruzio kilisimama. Kulthumu hakugeuka.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na mama?"

"Nilimusikia. Florentine alitaka kufungua. Mi nilimukamata, nikamulaza chini kwa nguvu. Usimuwekee Florentine neno hili."

"Askari balikuwa mu lupango?"

"Hapana. Hawakuingia. Siku ile hata mumoja."

Mvuke wa mawese ulijaa mle ndani, na nje mtu alikuwa anapita na mbuzi. Kulthumu alikuwa bado anatazama sakafu.

"Sasa kwa nini unanielezea?"

Bonaventure alishika ukingo wa dirisha. "Unanitendea muzuri," alisema, "na mi siwezi tena kupokea."

"Nilikuita mara ngapi?"

"Mbili."

"Mara ine," Kulthumu alisema. "Mbili za mwisho nilikuita polepole, sababu mama alianza kulia na sikutaka ajue kama nami nalia."

Alikiweka kikwaruzio chini. Akachukua jani, akafuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja, akatoka akiinama mlangoni, akaenda zake. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Bonaventure alisimama akingoja amsikie akilia au akimlaani kule nje, na hakusikia kitu, na hilo lilimuumiza kuliko laana.

Hakuja kesho yake. Hakuja wiki nzima. Bonaventure alimaliza kipande kile peke yake, siyo kwa wema, ila kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Mistari iliyochimbwa na patasi ilimsumbua. Uchafu ungekaa humo. Akaenda kwa mafundi wa maboti, akaomba mabaki ya rangi wanayopaka ubavuni mwa boti, ya buluu, akaipaka sakafu nzima mara mbili. Dirisha lililovunjika aliliwekea kioo. Alitengeneza kitanda kirefu chembamba cha kuzalia, na ngazi ya hatua tatu ili mjamzito asipande kwa kuruka. Kisha akampa Florentine ufunguo.

Florentine alirudi baada ya muda mfupi.

"Ameupokea?"

"Ameupokea. Ameuliza kama mafuta yote yametoka, sababu mama akiingia na miguu ya maji atateleza."

"Basi?"

"Basi."

Kulthumu akaanza kazi ndani ya Yai wiki ileile. Mwanamke wa kwanza alitoka Mwandiga, karibu na Baraka, akazaa mtoto wa kike, na bibi wa mtoto akapiga vigelegele vilivyosikika karakana. Wakaja wengine. Mkunga alipita mbele ya karakana kila asubuhi, na kila asubuhi alisalimu, kwa sababu alilelewa vizuri. "Jambo, fundi," alisema. Yeye ndiye aliyemvuta Élie kutoka tumboni, na yeye ndiye mtu wa kwanza kabisa duniani aliyemwita Bonaventure Baba Élie, usiku mtoto huyo alipozaliwa. Sasa Bonaventure alikuwa fundi tu. Alijibu, "Jambo, mama mukunga," na kuendelea kupiga randa. Hakuna mtu wa mtaa aliyetambua kitu.

Florentine alikwenda kwake mara mbili na sahani ya sombe. Mara ya kwanza Kulthumu aliipokea mlangoni. Mara ya pili alimkaribisha, wakakaa, na Florentine hakumsimulia mumewe waliongea nini.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja Kulthumu alisimama mbele ya karakana badala ya kupita.

"Fundi, Jumapili uko na kazi?"

"Siko na kazi."

"Nakwenda Kazimia, kwa kaburi ya mama. Nahitaji mutu wa kubeba mawe."

Walikwenda kwa boti la asubuhi, lililojaa magunia na kuku, Kulthumu amekaa mbele, Bonaventure nyuma karibu na mota. Huko Kazimia iliwachukua muda kulitafuta shamba, maana nyumba nyingi za wakati ule hazikuwapo na mpya zilikuwa zimejengwa mahali pengine. Mwishowe mama mmoja wa makamo, Constance, alisikia wanachouliza, akaacha kutwanga.

"Mwaka wa kukimbia? Mama munene, Muislamu? Ni mu shamba langu."

Aliwapeleka. Lilikuwa shamba la muhogo, limepandwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na alipofika katikati Constance alisimama na kushika mikono yake.

"Ni hapa. Hapa ao pale, hatua moja." Akashika shina la muhogo lililokuwa karibu. "Tulilima juu yake. Tulijua, musifikiri hatukujua. Lakini ilikuwa njaa."

"Hakuna neno, mama," Kulthumu alisema mara moja, akamshika mkono. "Hakuna neno kabisa. Mungu akubariki kwa kumupokea."

Bonaventure alikuwa hatua tatu nyuma. Aliona jinsi kusamehe kulivyokuwa rahisi, pumzi moja tu, na aliona kwamba Kulthumu hakugeuka kumtazama aliposema hivyo. Alikubali kwamba neno hilo halikuwa lake. Alishuka ziwani kutafuta mawe.

Constance aling'oa mihogo mwenyewe, akafanya nafasi ya urefu wa mtu. Bonaventure alibeba mawe kutoka ufukweni, makubwa ya mviringo, begani, moja moja, njia ya kupanda. Hakuhesabu safari. Kulthumu alimwonyesha pa kuliweka kila moja, kwa kidole: hapa, hapa, geuza. Jua lilipoanza kushuka mduara ulikuwa umekamilika, na jiwe moja refu limesimama upande wa kichwa. Kulthumu aliinua viganja, akasoma dua yake. Bonaventure alisimama mbali, kofia mkononi. Kisha Kulthumu alimpita akielekea ziwani kunawa.

"Kama uko na neno," alisema bila kusimama, "umwambie yeye."

Bonaventure alibaki peke yake na yale mawe. Alipiga magoti kwenye udongo uliotifuliwa. "Mama Bushira," alisema, "ni mi Bonaventure, seremala. Nilikuwa ndani." Alitaka kuongeza kwamba anaomba msamaha, na aliongeza, lakini maneno hayo yalimtoka madogo sana. Alikaa hapo hadi magoti yakamuuma. Alipoinuka hakujisikia mwepesi. Alijisikia tu kwamba sasa wale wawili aliowakosea walikuwa wamejulishwa, mmoja hai na mmoja marehemu, na kwamba hakubaki mtu mwingine wa kuambiwa.

Wakati wa kurudi Constance aliwapa kikapu cha mihogo iliyong'olewa. Ndani ya boti Kulthumu alikaa karibu kidogo kuliko asubuhi, si kwa kutaka, ila kwa sababu mizigo ilikuwa mingi. Karibu na Baraka aliuliza kama ile rangi ya buluu bado ipo kwa mafundi wa maboti, kwa maana mlangoni miguu ya watu imekwisha kuichubua.

"Iko," alisema Bonaventure. "Nitapaka kesho."

"Kesho hapana. Kesho iko mama mumoja wa mapacha. Upake Alhamisi."

Ufukweni palikuwa na mwanamke aliyesimama majini hadi magotini, akilitazama boti lao tangu likiwa mbali. Dada yake ameanza uchungu, alisema, na maji yamekwisha kutoka. Kulthumu alivua viatu, akavishika mkononi, akaruka kabla boti halijagusa mchanga, akapanda na yule mwanamke kwa mwendo wa haraka bila kumuaga mtu. Bonaventure alisaidia kushusha magunia ya watu. Kisha alijitwika kikapu cha mihogo, akakipeleka kwa binamu wa Kulthumu, akakiweka kivulini karibu na mlango, na kwenda nyumbani kwake kutafuta brashi.